Ganzi na moto wa miguuni: maswali yanayorudi rudi kuhusu ugonjwa wa neva za pembeni

Haya ndo maswali yale yale ambayo watu wanauliza kila siku, nimeyapanga tu ili usisome kitu kimoja mara kumi. Mimi sio daktari, ni mtu ninayeishi na hii kitu miaka kadhaa sasa. Kama una haraka na unaona hali yako inabadilika siku hadi siku, ruka moja kwa moja swali la 6.

## Mwanzo mwanzo

1. Hivi huu ugonjwa wa neva za pembeni ni nini hasa?

Neva ni kama nyaya. Ubongo na uti wa mgongo ndo mitambo mikuu, halafu kuna neva zinazotoka hapo kwenda kwenye ngozi, misuli, moyo, tumbo, kibofu, hizo ndo za pembeni. Zikiumia, taarifa inapotea njiani (ganzi), au inafika imechakachuliwa (moto, sindano, shoti), au amri ya ubongo haifiki kwenye msuli (udhaifu). Madaktari wanaiita nyuropathi. Ila sio ugonjwa mmoja, ni matokeo, kama vile homa ilivyo matokeo, kwahiyo mtu akikwambia "una nyuropathi" ujue amekutajia kilichoharibika, bado hajakutajia kilichoharibu, na hapo ndo kazi inapoanza.

Kitu kingine kinachotuchanganya ni hili neno letu "mishipa". Tunaliita mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, hata kano wengine wanaziita mishipa, matokeo yake mtu ana shida ya neva anaambiwa "mishipa imeziba" anaanza kumeza dawa za kuzibua. Neva haizibi bana, haina kitu kinachopita ndani kama bomba. Hapa nitasema neva ili tusichanganyane.

2. Dalili za mwanzo zinakuwaje? Mbona kila mtu anaelezea tofauti?

Kwasababu zipo tofauti kweli. Kuna wa kuwaka moto nyayoni, kuna wa kuchomwa chomwa sindano, kuna wa sisimizi kutambaa, kuna wa shoti ya ghafla inapiga kidole na kupotea, na kuna ambaye haumwi chochote ila anahisi anakanyaga sponji au mchanga wakati sakafu ni kavu na safi. Wengine shuka tu ikigusa vidole ni mateso, wakati huo huo ukiwabana kidole hawasikii vizuri, yaani ganzi na maumivu sehemu moja, na hilo ndo linafanya watu waonekane waongo.

Yangu ilianza na soksi. Nimevua soksi, nimekaa kitandani, nahisi bado ninazo, nikainama kuzivua. Nikacheka. Baada ya wiki nikainama tena.

Dalili nyingine za kimya kimya ni ndala kuchomoka mguuni bila kujua unafika mbele na mguu mmoja peku, kuyumba ukifumba macho kunawa uso, kujikwaa kwenye vitu vidogo, na vidole vya mikono kushindwa vifungo vya shati.

3. Kwanini inaanzia vidole vya miguu?

Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka chini ya mgongo mpaka kwenye vidole vya miguu, kwa mtu mzima ni kama mita moja, na waya mrefu ndo wenye tabu ya kulishwa na kutunzwa, kwahiyo sumu au sukari au upungufu wowote ukishambulia neva zote kwa pamoja ncha ya ule mrefu inaanza kufa mapema. Ndo maana kawaida inaanza pande zote mbili karibu sawa, inapanda taratibu kwa miezi au miaka, na ikikaribia magoti ndo vidole vya mikono vinaanza kusikia. Madaktari wanasema mtindo wa soksi na glavu.

Huu mtindo ni muhimu uukumbuke maana ukiona yako haifuati hivyo (upande mmoja tu, au imeanza mikononi, au imepanda kwa siku chache) basi orodha ya vyanzo inabadilika kabisa, angalia swali la 6 na la 13.

4. Kwanini usiku inazidi?

Mchana ubongo una kazi nyingi, miguu inatembea, viatu vinabana, taarifa nyingine zinaizima ile ya maumivu. Usiku umelala, kimya, imebaki miguu yako na wewe. Halafu kuna shuka inayogusa na joto la kitandani. Sio kwamba ugonjwa unaharibu zaidi usiku, unasikika zaidi. Mambo ya kulala yapo swali la 20.

5. Nikikalia mguu unakufa ganzi halafu unarudi, ndo yenyewe?

Hapana. Hiyo umeibana neva tu kwa muda, ukinyoosha dakika chache imeisha. Ya kuangalia ni ganzi inayokuja bila kukalia kitu, inayorudi sehemu ile ile, au isiyoondoka wiki mbili tatu. Na maumivu ya kigimbi (nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti) yanayokuja ukitembea na kuondoka ukisimama kupumzika, hayo mara nyingi ni damu haifiki vizuri mguuni, ni jambo jingine nalo linataka daktari.

6. Dalili gani sitakiwi kusubiri hata kesho?

Nenda emajensi leo kama: udhaifu unapanda haraka, jana vidole leo magoti, ngazi zimekushinda, au kupumua au kumeza kumekuwa kugumu. Hii inaweza kuwa Guillain-Barré, kinga ya mwili inashambulia neva, mara nyingi wiki chache baada ya kuharisha au mafua makali, na inaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Inatibika, ila hospitali, sio nyumbani.

Pia kama ganzi imeshika ghafla upande mmoja, mkono na mguu na uso, au mdomo umepinda, maneno hayatoki. Hiyo ifikirie kiharusi mpaka ithibitishwe vingine.

Pia kama ganzi ipo sehemu za siri na makalio, yaani pale unapokalia, hasa na mgongo unauma, mkojo umegoma au unatoka wenyewe. Hapo neva za chini ya mgongo zinabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mkojo utarudi kawaida au hautarudi.

Na kidonda mguuni kinachonuka, chenye usaha au wekundu unaosambaa, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

## Chanzo ni nini

7. Ni kisukari tu ndo kinaleta?

Ndo kinachoongoza duniani, ndo maana kila mtu anaanzia hapo na yuko sahihi. Lakini "sina sukari" haimalizi habari. Kuna upungufu wa vitamini B12, pombe, dawa, figo kushindwa kazi, tezi ya shingoni kuwa mvivu, VVU, homa ya ini C, ukoma, magonjwa ya kinga, protini mbovu kwenye damu, sumu kama risasi (madini, sio bunduki) na baadhi ya dawa za kuua wadudu, na kuna ya kurithi. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vitatu kwa pamoja, mfano mwenye kisukari anayemeza metformini (dawa ya sukari inayoweza kushusha B12, swali la 9) miaka mingi na anakunywa kila wikiendi, huyo akiambiwa "ni sukari tu" ameonewa.

8. Sukari yangu wamesema "imepanda kidogo tu, sio kisukari bado". Inaweza kuwa ndo hiyo?

Inaweza. Kuna kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa vigezo vinavyotumika sana, 6.5% na kuendelea ni kisukari, 5.7 mpaka 6.4 ni hatua ya kabla. Wapo watu ambao miguu inaanza kuwaka wakiwa kwenye hiyo hatua ya kabla, mara nyingi ni zile neva nyembamba za maumivu na joto. Kwahiyo usidharau kidogo tu, na habari nzuri ni kwamba hapo ndo mahali pazuri pa kuikamata, kupunguza uzito na kutembea kila siku kunafanya kazi kuliko kidonge chochote cha neva nilichowahi kumeza.

Kama hujawahi kupima HbA1c na unapima ya kidoleni asubuhi tu, omba. Ya asubuhi inaweza kuwa nzuri wakati baada ya chakula inaruka juu.

9. B12 inahusikaje? Mimi nakula vizuri tu.

B12 ndo inayosaidia kutengeneza ganda la neva, ile plastiki ya juu ya waya. Kula vizuri ni nusu ya safari, nusu ya pili ni kuinyonya, na hapo ndo watu wengi wanapigwa bila kujua. Inapungua kwa watu wenye umri mkubwa, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, wenye ugonjwa wa kinga unaoshambulia tumbo, wanaomeza metformini, wanaomeza dawa za asidi kama omeprazo miaka na miaka, na wasiokula kabisa nyama, mayai wala maziwa. Wanaovuta ile gesi ya kuchekesha kwa starehe nao wamo, gesi inaiua B12 iliyopo hata kama kipimo kinaonyesha ipo.

Dalili zake: ganzi miguu na mikono karibu pamoja, kuyumba gizani, ulimi kuuma na kuwa laini, kuchoka, kusahau sahau. Hii inaweza kugusa mpaka uti wa mgongo, kwahiyo sio ya kuchezea.

Mambo mawili ambayo nawaambia watu kila mara. Moja, majibu yakiwa mpakani yasikufanye ufunge faili, muulize daktari kama kuna kipimo cha kuthibitisha (asidi ya methailimaloniki inapanda B12 ikiwa haitoshi) au kama anaweza kukutibu kwa majaribio. Mbili, usimeze asidi ya foliki peke yake eti una upungufu wa damu kabla B12 haijapimwa, damu inaweza kupanda vizuri kabisa, kila mtu akafurahi, huku neva zinaendelea kufa.

10. Pombe kiasi gani ndo inaharibu?

Hakuna mstari mmoja kwa kila mtu. Inayojulikana kuharibu ni ya kunywa sana kwa miaka mingi, pombe yenyewe ni sumu kwa neva na pia inakula vitamini, hasa B1. Ukiwa tayari una ganzi ya sababu yoyote ile, kila glasi unaongeza mzigo kwenye waya ulioungua. Ukiacha, mara nyingi inasimama pale ilipo na kwa wengine inarudi nyuma kidogo kidogo. Ila kama unakunywa kila siku sana usiache kwa siku moja bila msaada wa daktari, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege.

11. Dawa ninazomeza zinaweza kuwa ndo chanzo?

Ndio, na hili swali watu wanasahau kuliuliza. Isoniazidi ya kifua kikuu inafahamika sana, inavuruga B6, ndo maana wengi wanapewa na kidonge cha B6 pembeni, kama hukupewa na vidole vinachoma sema mapema. Metronidazo ikitumika wiki nyingi mfululizo. Nitrofurantoini, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Amiodaroni ya moyo, fenitoini ya kifafa. ARV za zamani kama stavudini zilichoma miguu ya watu wengi sana, wengine wameacha dawa zamani ila moto umebaki.

Dawa za saratani ni sura yake: vinkristini, sisplatini, oksaliplatini, paklitakseli. Oksaliplatini ina kituko chake, unagusa kitu cha baridi vidole vinapigwa shoti, unakunywa maji baridi koo linabana. Na hizi za jamii ya platini ganzi inaweza kuendelea kuongezeka miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, usishtuke ukadhani saratani imerudi, mwambie tu daktari wako.

Na tafadhali, USIACHE dawa mwenyewe kwasababu umesoma hapa. Kuacha dawa ya kifua kikuu au ya kifafa kienyeji ni hatari kuliko ganzi. Beba pakiti zote, pamoja na za dukani na za mitishamba, ziweke mezani kwa daktari, muulize moja moja.

12. Ukoma bado upo? Unahusiana vipi?

Upo, na ni moja ya vyanzo vinavyotibika kabisa lakini vinavyoachwa mpaka vidole vinaharibika. Bakteria anapenda neva za sehemu zenye ubaridi, kwenye ngozi. Tofauti yake na ile ya soksi: ganzi inakuja kwa viraka, kuna baka kwenye ngozi limepauka au jekundu na ukiligusa kwa pamba hulisikii, na neva yenyewe inaweza kuvimba ukaipapasa kama kamba, kwenye kiwiko au chini ya goti. Dawa mseto zinatumika tangu miaka ya 1980, kozi ya miezi 6 au 12, na mtu akishaanza dawa haambukizi tena ndani ya muda mfupi. Aibu ndo inayokata watu vidole hapa.

13. Yangu ipo mkono mmoja tu / mguu mmoja tu. Nayo ni hii?

Hapo mara nyingi neva moja imebanwa mahali. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, unaamka usiku unakung'uta mkono: neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Kidole cha mwisho na nusu ya kile cha pembeni yake: kiwiko. Paja upande wa nje linawaka lakini nguvu iko vilevile: mkanda au suruali inayobana kiunoni, uzito, au mimba. Maumivu kutoka kiunoni yanashuka nyuma ya mguu mpaka unyayoni: mzizi wa neva mgongoni. Na kama uliwahi kuwa na mkanda wa jeshi, pale pale ulipopita panaweza kuwaka miezi au miaka.

14. Nimepimwa kila kitu, hamna kitu. Maana yake naigiza?

Hapana! Ni watu wengi kiasi wanafika mwisho wa vipimo bila chanzo, hasa wenye umri mkubwa, na hawaigizi. Niliwahi kuambiwa "ni mawazo tu" na mtu ambaye hakunivua hata viatu, na hilo neno liliuma kuliko miguu. Ila kabla ya kukubali kwamba chanzo hakijulikani hakikisha kweli vimepimwa vilivyo kwenye swali la 15, na waulize wazazi na ndugu zako: kuna aina ya kurithi, Charcot-Marie-Tooth, ambayo inajificha kwenye familia kama "sisi kwetu tuna nyayo zenye upinde mkubwa na vidole vilivyojikunja", kumbe ni neva, kizazi hadi kizazi.

## Vipimo

15. Daktari atanifanya nini?

Akiwa makini ataanza na maswali mengi na atakuvua viatu. Atakugusa na kijiuzi kigumu cha plastiki chini ya unyayo, ataweka uma wa kutetemeka kwenye kidole gumba akuulize unasikia mtetemo au hausikii, atagonga nyuma ya kifundo kuona mguu unaruka, atakuambia usimame miguu pamoja ufumbe macho. Kisha damu: sukari na HbA1c, B12, picha kamili ya damu, figo, ini, tezi, VVU, na kwa wengi kipimo cha protini za damu.

Nyumbani unaweza kufanya kimoja kirahisi. Fumba macho, mtu akuguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepisi sana, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, jumla sita, bila kubonyeza wala kupapasa. Kila ukisikia useme kulia au kushoto. Ukikosa viwili au zaidi, mguu wako umepungukiwa hisia, nenda ukapimwe. Nilipofanyiwa mara ya kwanza nilikaa kimya nikisubiri aanze, kumbe ameshamaliza mguu wa kushoto.

16. Kipimo cha umeme kimetoka safi lakini miguu inawaka. Nani anadanganya?

Hakuna. Kile kipimo kinasoma neva nene, zile za mtetemo, mizani na nguvu za misuli. Neva nyembamba zinazobeba maumivu na joto hazisomeki humo kabisa. Kwahiyo mtu anaweza kuungua miguu usiku kucha na karatasi ikaandika "kawaida". Kwa hizo kuna kipimo kingine, wanachukua kipande kidogo cha ngozi, milimita 3 tu, juu ya kifundo cha mguu, wanahesabu ncha za neva kwa darubini. Sio kila mahali kipo, na daktari mzoefu anaweza kutibu kwa maelezo yako na uchunguzi wa mwili tu.

## Kuishi nayo

17. Parasetamo na brufen hazinisaidii, kwanini?

Kwasababu hizo ni za jeraha, za uvimbe, za kichwa. Hapa kengele yenyewe ndo mbovu, inalia bila mwizi. Kumeza brufen kila siku kwa moto wa neva unaumiza tumbo na figo bure, na kama una kisukari figo zako huna za kupoteza.

18. Sasa dawa gani zinasaidia?

Zinazotumika sana ni nne: amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Usishangae ukisoma karatasi ukakuta imeandikwa ya sonona au ya kifafa, hawajakuona kichaa, ni kwamba zinatuliza neva zinazopiga kelele. Amitriptilini huanza kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, inakausha mdomo na kulewesha usingizi, na wenye moyo, presha ya macho au tezi dume waseme kwanza. Gabapentini na pregabalini zinalevya mwanzoni, zinaweza kuvimbisha miguu, na mwenye figo dhaifu dozi yake ni ndogo zaidi. Usizikate ghafla, zinashushwa taratibu. Kuna pia krimu ya pilipili, kapsaisini, inawaka siku za mwanzo halafu inapoza, nawa mikono kabla hujagusa jicho, nimejifunza kwa machozi.

Sasa ukweli ambao watu hawaambiwi: maumivu yakipungua theluthi au nusu, hiyo ndo inahesabika imefanya kazi. Na zinachukua wiki kadhaa. Wengi wanaacha siku ya nne wakisema "haifanyi kitu". Na hakuna hata moja inayorudisha hisia, ganzi tupu isiyouma haihitaji hizi dawa, inahitaji swali la 19.

19. Miguu nailindaje kama siisikii?

Hili ndo ningependa usome mara mbili. Maumivu ndo mlinzi wa mguu, mlinzi akilala inabidi macho na mikono ifanye kazi yake.

Kila jioni kaa sehemu yenye mwanga, tazama juu, chini, kisigino na katikati ya vidole, kama huwezi kupinda weka kioo sakafuni au omba mtu. Unatafuta malengelenge, mpasuko, wekundu, sugu lenye doti nyeusi chini yake. Kabla ya kuvaa kiatu ingiza mkono ndani upapase mpaka mbele. Kuna siku nilitembea kutwa nzima na kifuniko cha chupa ndani ya kiatu, nikavua soksi jioni nikaona duara limechorwa kwenye nyama, na sikuwa nimesikia chochote, hata kidogo. Hiyo duara ilichukua wiki saba kupona.

Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, sio kwa mguu. Usiweke chupa ya maji ya moto kitandani, usiote miguu kwenye moto. Usitembee peku hata ndani. Viatu nunua jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na usisubiri vilegee vyenyewe. Kucha kata moja kwa moja, usichimbe pembeni, sugu usikate na wembe. Mafuta paka, ila sio katikati ya vidole.

20. Usingizi je?

Dawa ya usiku imeze saa moja au mbili kabla ya kulala, sio ukishazidiwa. Weka boksi au mto mwisho wa kitanda shuka isiguse vidole. Wengine maji ya baridi ya kawaida dakika chache yanatuliza, ila sio barafu, ngozi isiyosikia inaungua na baridi pia. Kukanda taratibu kunasaidia baadhi, wengine kunawachokoza. Jaribu, ukiona inazidi acha.

21. Nifanye mazoezi au nitaharibu zaidi?

Fanya. Kutembea hakumalizi neva, kunasaidia sukari, damu na usingizi. Kama nyayo zina ganzi sana au kuna kidonda, baiskeli ya ndani au kuogelea (kidonda kikishapona) ni bora kuliko kukimbia. Ongeza ya mizani: simama karibu na ukuta kwa mguu mmoja, vidole vya mkono vikigusa ukuta, sekunde 10, badili. Na washa taa ukiamka usiku, maana macho ndo yanakubeba sasa, gizani huna kitu.

22. Vidonge vya vitamini B na dawa za "kuhuisha neva" zinafanya kazi?

Kama una upungufu, ndio, sana. Kama huna, unatengeneza mkojo wa njano tu. Na kuna mtego: B6 ikizidi, miligramu 100 au zaidi kwa siku kwa miezi, na kwa wengine hata chini ya hapo, YENYEWE inaharibu neva. Mtu ana ganzi, anameza B nyingi, ganzi inazidi, anaongeza B. Soma lebo zote, B6 imeandikwa pairidoksini, ujumlishe kutoka kila chupa.

23. Itapona?

Inategemea na chanzo na umekikamata lini. Ya B12 ikiwahiwa inaweza kurudi vizuri, ya dawa mara nyingi inapungua ukibadilishiwa, ya kisukari lengo la kwanza ni isimame. Neva inakua kama milimita moja kwa siku mambo yakienda vizuri, piga hesabu, ni sentimita tatu kwa mwezi, kwahiyo pima kwa miezi sio kwa wiki. Na wakati wa kurudi inaweza kuchoma choma sehemu iliyokuwa kimya, hiyo sio lazima iwe mbaya.

## Kesi za pembeni

24. Nimeshusha sukari vizuri sana na miguu imezidi kuwaka, si ningeacha tu?

Usiache. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa haraka sana, hasa kwa insulini, kuna watu wanapata moto mkali ndani ya wiki chache. Kwa kawaida unapungua kwa miezi sukari ikitulia. Rudi kwa daktari apange mwendo, na macho yakaguliwe pia, nayo yanaweza kutibuka kipindi hicho.

25. Nikisimama naona giza, tumbo linajaa kwa tonge mbili, na nguvu za kiume zimepungua. Vinahusiana?

Vinaweza kuhusiana vyote, kuna neva zinazoendesha vitu usivyoviamrisha: presha, tumbo, kibofu, jasho, hayo mambo ya chumbani. Nyayo kukauka na kupasuka kwasababu hazitoi jasho ni dalili hiyo hiyo. Mwambie daktari bila aibu, kila kimoja kina matibabu yake. Wakati huo, ukiamka kaa kwanza kitandani dakika moja kabla hujasimama.

26. Bado naweza kuendesha gari?

Kama mguu unajua uko kwenye pedali gani bila kuangalia, sawa. Kama umewahi kuangalia chini kuhakikisha, au mguu uliwahi kuteleza kwenye breki usijue, paki gari kwanza ukapimwe. Dawa za swali la 18 zinalevya pia, siku za mwanzo na kila dozi ikipanda usiendeshe.

27. Mguu mmoja umevimba, ni mwekundu, wa moto, lakini hauumi sana na sina kidonda. Nisubiri?

Usisubiri na usiukanyage. Kwa mtu mwenye ganzi, hasa wa kisukari, inaweza kuwa mifupa ya mguu inavunjika na kubomoka ndani bila maumivu, wanaiita mguu wa Charcot. Mara nyingi inapewa jina la maambukizi au gauti au "umeteguka", picha ya kwanza ya eksirei inaweza kutoka safi, mtu anaendelea kutembea na unyayo unageuka umbo. Sema wazi kabisa ukifika: "nina ganzi ya miguu, nahofia Charcot", na uwekewe plasta ngumu ya mfupa (POP) au buti la kuzuia uzito mpaka ithibitishwe sio.